Togwa Isiyo na Sukari

Cornelia alikuwa na miaka hamsini na sita mwaka ule sukari ilipoadimika madukani, na kwa zaidi ya miaka kumi na tano alikuwa akipika togwa nyumbani kwake Izia, hapa Sumbawanga. Mimi naishi nyumba ya tatu kutoka kwake. Ni mwalimu wa shule ya msingi, na Jumamosi nyingi nimekaa kwenye benchi lake na kikombe mkononi. Kwa hiyo mengine ninayoyasimulia niliyaona, na mengine alinieleza mwenyewe jikoni kwake, akirudia rudia jambo lile lile ili asikie kama mara hii litaeleweka.

Alizaliwa Kaengesa, akaolewa na Cleophas, fundi seremala, wakajenga Izia pale mji unapoishia na mashamba ya mahindi yanapoanza. Ulezi alikuwa akiletewa kutoka kijiji cha Kate na mzee mmoja tu, Adolfu, kwa sababu ulezi wa Adolfu haukuwa na mchanga. Aliuloweka, akauotesha ndani ya gunia lenye unyevu, akauanika na kuusaga ukawa kimea. Kisha alipika uji wa mahindi, akauacha upoe mpaka kidole kiweze kuvumilia ndani yake, akatia kile kimea na kufunika ndoo. Kesho yake uji mzito ulikuwa umelainika kuwa togwa. Mwisho alitia sukari, na hapo hakutumia kipimo chochote. Alionja. Walimu wenzangu walikuwa wakisema ulimi wa Mama Debora haujawahi kukosea, na mimi naamini ilikuwa kweli. Debora ndiye binti yake, ambaye sasa anaishi Mbeya.

Cleophas alikuwa amegundulika na ugonjwa wa kisukari miaka miwili kabla. Kila Alhamisi ya pili ya mwezi walikwenda kliniki pamoja. Afisa lishe wa pale, dada mmoja mpole aitwaye Hellena, aliwaambia mzee aache soda, apunguze ugali, asitie sukari kwenye chai. Akaongeza kwamba mzee akishindwa kabisa kunywa chai isiyo na utamu, maduka ya dawa yanauza vidonge vidogo vinavyotia utamu ambavyo si sukari. Atumie kidogo tu, huku akijizoeza kuacha. Na togwa ya mke wake aiache.

Hilo la togwa ndilo lililomuumiza Cleophas. Karakana yake iko uani pale pale, na benchi la wateja liko mbele ya mlango wake. Kutwa nzima alipiga randa akiwatazama watu wakinywa.

Mwanzoni mwa mwaka 2024, miezi ya mvua kubwa, sukari ikawa haipatikani. Ukienda dukani unaambiwa imekwisha, au unauziwa kilo moja tu baada ya kupanga foleni. Cornelia alikwenda kwa Mwasiti, mwenye duka la jumla karibu na soko, ambaye alikuwa mteja wake wa togwa tangu siku za kwanza. Baba yake Mwasiti alianza biashara ile kwa kusafirisha mchele kutoka bondeni, na Mwasiti na kaka yake Selemani wakairithi.

"Dada Mwasiti, hata kilo mbili hakuna?"

"Hakuna, Mama Debora. Lori lenyewe sijui limekwama wapi." Mwasiti aliinama chini ya kaunta, akatoa kipakiti cha nailoni kilichojaa chembe nyeupe, laini kuliko chumvi. "Lakini jaribu hii. Ni sakarini. Wenye juisi na barafu za mifuko wote wananunua hii. Kijiko kimoja cha chai, ndoo nzima."

"Kijiko kimoja?"

"Kimoja. Ukizidisha inakuwa chungu."

"Imetengenezwa na nini?"

"Mimi naletewa tu kutoka ng'ambo ya mpaka. Ni ile ile wanayopewa wagonjwa wa sukari."

Neno hilo la mwisho ndilo aliloondoka nalo. Pakiti haikuwa na maandishi yoyote, lakini Cornelia hakuona ajabu. Bizari na mdalasini alikuwa akinunua vivyo hivyo, vimefungwa kwenye nailoni.

Nyumbani alitia kijiko kimoja kwenye ndoo ya lita ishirini, akakoroga, akaonja. Aliniambia kwamba utamu ulichelewa. Sukari inakupokea mlangoni, alisema, lakini huu ulikuja ukiwa umeshameza, ukakaa, ukakataa kuondoka, na nyuma yake kulikuwa na uchungu mdogo kama wa kidonge. Alionja mara tano. Kwa mara ya kwanza ulimi wake haukumpa jibu. Akawauliza wateja. Tukasema ni tamu, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliosema hivyo.

Jioni ile akamjazia Cleophas kikombe.

"Hii haina sukari," alimwambia. "Nimetia ile dawa ya wagonjwa."

Cleophas alikunywa, akafumba macho, akaomba cha pili. Cornelia aliniambia kwamba alitoka nje kwa sababu machozi yalikuwa yanamtoka, kwa furaha. Tangu siku hiyo mzee akawa anakunywa asubuhi badala ya chai, mchana akiwa kazini, na jioni. Miaka miwili ya kutazama wenzake ilikuwa inalipwa.

Wiki zilivyopita, kijiko kimoja kilionekana hakitoshi. Labda ndimi zetu zilizoea, labda ni ulimi wake uliochanganyikiwa, hajui mpaka leo. Alitia kijiko kimoja na nusu, halafu viwili. Sukari ilipoanza kurudi madukani hakurudi kwayo, maana aliona alichopata ni bora zaidi. Mwezi wa sita, kwenye sherehe ya komunyo ya kwanza ya binti wa Kristiana huko Kaengesa, alipeleka ndoo sita. Kristiana ni mtoto wa mama mdogo wa Cornelia. Watoto walikuwa wengi, baridi ya mwezi ule ilikuwa kali, na bado walikunywa mpaka wakakwangua ndoo.

Wiki mbili baada ya sherehe ile, Cleophas alianza kuamka kila mara kwenda kukojoa. Akawa na kiu isiyoisha, na kwa kiu hiyo akanywa togwa zaidi. Siku moja asubuhi alishindwa kuona mstari aliouchora mwenyewe kwenye ubao. Akaketi juu ya vumbi la mbao, akasema, "Mama Debora, sioni vizuri," halafu akaanza kuongea mambo yasiyoeleweka. Tulimpakia kwenye bajaji, mimi nikimshika upande mmoja na Cornelia upande wa pili.

Hospitali walimtoboa kidole. Nesi akatazama kipimo, akarudia kutoboa kidole kingine, kisha akamwita daktari haraka. Sukari ilikuwa ishirini na saba, ilhali kwa kawaida haifiki hata kumi. Wakamtundikia maji na kumchoma sindano, na sisi tukaambiwa tukae nje.

Pale nje Cornelia hakulia. Alikuwa ananiuliza swali moja.

"Mwalimu, imepandaje? Mimi nimeitoa."

"Umetoa nini?"

"Sukari. Nimeitoa yote. Hajagusa hata chembe tangu mwezi wa pili. Sasa hii iliyopanda imetoka wapi?"

Baadaye akasema kwa sauti ndogo, "Basi nimemtilia sumu," na hapo ndipo alipolia.

Kesho yake Hellena alikuja wodini. Cleophas alikuwa ameshapata fahamu vizuri, amelala akitazama dari. Hellena alivuta stuli, akamsalimu Cornelia shikamoo, akauliza mzee amekuwa akila na kunywa nini.

"Sukari hajagusa," Cornelia alisema.

"Sawa mama. Amekunywa nini?"

"Togwa. Lakini haina sukari. Naitia ule unga wa wagonjwa."

Hellena alisogeza stuli karibu. "Kwa siku vikombe vingapi?"

Cornelia alimtazama mumewe. Cleophas alijibu mwenyewe, bila kugeuka. "Sita. Siku nyingine nane."

"Mama," Hellena alisema, "kabla hujatia kitu chochote kwenye togwa, ikiwa imelala na kimea tu, ukiionja ikoje?"

"Inakuwa imeanza utamu."

"Utamu huo unatoka wapi?"

Cornelia aliujua utamu ule kuliko mtu yeyote Izia. Ndio aliokuwa akiusubiri kila siku kabla ya kutia sukari. Hakuwahi kuupa jina.

"Kimea kinaukata wanga wa uji na kuugeuza sukari," Hellena alieleza. "Kazi hiyo inafanyika ndani ya ndoo wewe ukiwa umelala. Na hata wanga uliobaki, tumboni unageuka sukari pia. Wewe umeondoa sukari ya dukani, lakini ile ya togwa yenyewe imebaki, na mzee amekunywa lita mbili kila siku kwa sababu aliamini haipo."

"Kwa hiyo si ule unga uliomwangusha?"

"Sukari yake haikupandishwa na unga. Ningeuona huo unga, mama, unao?"

Cornelia alikuwa nao. Tangu jana alikuwa ameufunga kwenye ncha ya kanga. Hellena aliugeuza geuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Hiki mimi sijui ni nini," alisema.

"Si ndio ile dawa uliyotuambia?"

"Niliwaambia vidonge vya duka la dawa, vyenye jina na kipimo. Hiki hakina jina. Huenda ni kitu kile kile, huenda ni kingine. Siwezi kukuambia ni kizuri wala ni kibaya."

Cornelia alirudi nyumbani akiwa na mambo mawili yaliyokataa kukaa pamoja: unga haukumdhuru mumewe, na unga haujulikani ni nini. Alinieleza hivyo, akaniuliza lipi ni kweli. Nilimwambia yote mawili. Hakupenda.

Wiki hiyo hiyo Meshack, afisa afya wa kata, alikuwa akizungukia wauza vinywaji. Ni kijana wa miaka thelathini hivi, anayetembea na begi la mgongoni. Cornelia angeweza kuficha. Lakini Meshack alipouliza anatia nini kwenye togwa, aliingia ndani akamletea pakiti zote tatu zilizobaki, akaziweka mezani.

"Nakushukuru, mama," Meshack alisema. "Hizi nitazichukua. Moja itakwenda maabara."

"Kwa hiyo ni haramu?"

"Kuuza kitu cha kutia kwenye chakula bila jina lake, bila aliyekitengeneza, bila tarehe, hairuhusiwi. Kilichomo ndani ndicho tutakachokijua maabara."

"Wagonjwa wanapewa, mimi nanyang'anywa."

"Wagonjwa wanapewa kilichopimwa na kuandikwa."

"Na hiki kikipimwa kikaonekana ni kile kile?"

Meshack alikuna kidevu. "Basi tutakuwa tunajua ni kile kile."

Siku hiyo hiyo Cornelia alikwenda kwa Mwasiti. Alikuta Meshack ameshapita na pakiti zimeshaondolewa chini ya kaunta. Mwasiti alikuwa na hasira, akidhani ni Cornelia aliyempeleka.

"Nilikusaidia wakati huna sukari," alisema. "Sasa unaniletea bwana afya dukani kwangu."

"Sikumleta. Nimekuja kukuuliza. Wewe ulijua ni nini?"

Mwasiti alichukua chupa ya soda isiyo na sukari kutoka kwenye friji, akaigonga juu ya kaunta. "Soma hapa. Utamu wa hii umetoka wapi? Si vitu hivyo hivyo? Hii imeandikwa imeruhusiwa, inauzwa kila mahali, hakuna anayeikamata. Mimi nimekosa nini?"

Cornelia alisoma. Maandishi yalikuwa madogo, na majina aliyoyakuta humo yalikuwa marefu na hakuna alilolitambua. Akarudisha chupa. Aliniambia kwamba alikwenda dukani kugombana, na alipofika akajikuta anakubaliana na Mwasiti, halafu njiani akawa hakubaliani naye tena. Soda ile angalau ilikuwa imesema ina nini. Yeye hakuwaambia watu chochote.

Debora, kutoka Mbeya, alituma ujumbe wa sauti. Alisikia habari za baba yake, akatafuta kwenye mtandao. "Mama, hivyo vitu vinaleta kansa. Shirika la Afya Duniani limesema. Tupa kabisa." Cornelia alileta simu kwangu nimtafutie ukweli. Nilisoma nilichokipata, nikamweleza kama nilivyokielewa: mwaka 2023 vikundi viwili vya wataalamu vilichunguza kitu kimoja cha kutia utamu kinachoitwa aspatemu. Kikundi kimoja kilikiweka kwenye orodha ya vitu ambavyo huenda vinasababisha kansa, kikasema ushahidi ni mdogo. Kikundi cha pili kikasema hakioni sababu ya kubadili kiasi ambacho mtu anaruhusiwa kutumia kwa siku.

"Wote ni wataalamu?"

"Wote."

"Walikaa chumba kimoja?"

"Sidhani. Kimoja kilikuwa kinaangalia kama kitu kinaweza kuleta madhara, cha pili kilikuwa kinaangalia ni kiasi gani ndicho kinachoweza."

"Na hicho ndicho kilichokuwa kwenye unga wangu?"

"Hatujui. Huenda ni kingine kabisa."

"Mwalimu," alisema, "kila ninapouliza, naondoka na maswali mengi kuliko niliyokuja nayo."

Wiki zile za kusubiri maabara hakupika. Cleophas alirudi nyumbani, amekonda, na daktari akamwanzishia sindano ya insulini ambayo Cornelia alijifunza kuichoma. Wateja walikuja na kurudi. Wengine waliniuliza mimi kama ni kweli togwa ya Mama Debora imefungiwa kwa sababu ya sumu. Nikasema haijafungiwa. Hawakuniamini sana.

Majibu yalipokuja, Meshack alimwita ofisi ya kata. Aliniomba nimsindikize, kwa hiyo hili nililisikia mwenyewe. Ndani ya unga ule kulikuwa na vitu viwili vimechanganywa, sakarini na kingine kinachoitwa saiklameti. Meshack alisema vyote vinajulikana. Sakarini imetumika miaka mingi sana; kuna wakati iliogopwa kwa sababu ya panya wa maabara, baadaye ikaonekana kilichowapata panya wale hakimpati binadamu. Saiklameti zipo nchi zinazoiruhusu na zipo zilizoikataza.

"Kwa nini wengine wakatae na wengine wakubali? Watu si wale wale?" Cornelia aliuliza.

"Watu ni wale wale. Kila nchi ina woga wake," Meshack alisema, kisha akaona amesema vibaya. "Namaanisha kila nchi inapima ushahidi kwa namna yake."

Akachukua karatasi, akamuuliza alikuwa anatia vijiko vingapi, vya kujaa au vya kufuta, ndoo ya lita ngapi, kikombe cha ukubwa gani. Alipiga hesabu mara mbili. Alisema kwa mtu mzima mwenye uzito kama wa Cornelia, vikombe viwili kwa siku visingekuwa na neno. Kwa mtoto wa darasa la kwanza, kwa kipimo kile cha vijiko viwili, huenda kikombe kimoja tu kingefikisha mpaka wa siku au kuuvuka, kutegemea mchanganyiko.

Nilijua Cornelia anafikiria watoto wa Kaengesa.

"Akiuvuka anakuwaje?"

"Kwa siku moja hawi chochote, mama. Mpaka umewekwa mbali sana na mahali penye hatari, kwa makusudi. Na ni mpaka wa kila siku kwa maisha yote. Siyo kwamba mtoto akiuvuka mara moja anaumwa."

"Kwa hiyo ni salama."

"Sikusema hivyo. Hatukatai kitu pale tu kinapoua. Tunataka kijulikane ni nini, kipimwe, kiandikwe, ili mwenye mtoto achague."

"Kwa hiyo si salama."

Meshack aliweka kalamu chini. Alionekana kuchoka, wala si kwa sababu ya Cornelia. "Mama, nikikwambia neno moja kati ya hayo mawili nitakuwa nakudanganya."

Adhabu hakupewa, kwa kuwa alitoa pakiti mwenyewe; aliandikiwa onyo tu. Mwasiti alipewa onyo kali zaidi na kutakiwa aonyeshe anakonunua. Tulitoka nje, upepo wa milima ya Mbizi ukipeperusha makaratasi ya ofisi, na Cornelia akaniambia anakwenda Kaengesa.

Hakuna aliyemtuma. Meshack hakusema aende, na mimi nilimshauri angoje kwanza, maneno ya namna ile yakitoka hayarudi. Alikwenda Jumapili baada ya misa. Kristiana alikuwa uani anapukuchua mahindi, na akina mama wawili wa jumuiya yake walikuwa wamekaa naye. Cornelia alisema mbele yao wote.

"Kristiana, ile togwa ya komunyo haikuwa na sukari. Nilitia unga ambao sikujua ni nini. Sasa wameupima."

Kristiana aliacha kupukuchua. "Ni sumu?"

"Wanasema kidogo si sumu."

"Ulitia kidogo?"

"Kwa mtu mzima, kidogo. Kwa watoto, labda nilizidisha."

"Labda?"

"Wanasema haiwezi kuwadhuru kwa siku ile moja. Nimeuliza mara nyingi. Sijui, mdogo wangu. Nimekuja kwa sababu watoto ni wenu na sikuwaambieni."

Mmoja wa wale akina mama alisema mwanawe aliumwa tumbo baada ya sherehe. Mwingine akasema wa kwake hakuumwa, na kwamba watoto wale walikula pia wali, nyama, na pipi mifuko mizima, nani anajua. Kristiana hakupaza sauti. Alisema, "Dada, ungekuwa umeniuliza, ningekwambia ulete bila utamu wowote, watoto wangekunywa tu." Kisha akaendelea kupukuchua, na hakumkaribisha chakula. Cornelia alirudi na bodaboda, na njia nzima, aliniambia, alikuwa anajiuliza kama amefanya vema au amewatia watu hofu ya bure.

Mwezi wa tisa alianza kupika tena. Sasa ana kipimo cha sukari, kikombe cha plastiki chenye mistari, na sukari anayotia ni nusu ya zamani. Juu ya ndoo amebandika karatasi niliyomwandikia: uji wa mahindi, kimea cha ulezi, maji, sukari. Chini yake alinitaka niongeze kwamba wenye kisukari waulize kwanza. Baadhi ya wateja hawakurudi. Walimu tulirudi karibu wote. Kuna mama mmoja wa mjini alikuja akitaka "ile isiyo na sukari", amesikia ni nzuri kwa kupunguza mwili. Cornelia alijaribu kumweleza habari ya kimea, wanga, na ule unga, na kadiri alivyoeleza ndivyo mwenyewe alivyopotea. Yule mama akaondoka akisema atatafuta kwingine. Kristiana tunakutana naye kwenye sherehe za kanisa, anasalimu vizuri, lakini togwa hajaagiza.

Mwasiti alikuja kumwona Cleophas. Alileta boksi la vile vidonge vya duka la dawa, lenye jina na tarehe, akaliweka mezani bila maneno mengi. Hellena alisema mzee anaweza kutumia kimoja kwenye chai, lakini ni heri aendelee kujizoeza kunywa chai isiyo na utamu, kwa sababu ushauri wa siku hizi ni kutotegemea utamu wa namna yoyote. Cleophas alitumia vinne kwa jumla, akaacha. Alisema vinamkumbusha wodini.

Mwaka jana halmashauri iliitisha mafunzo ya siku moja ya watengenezaji wadogo wa vyakula na vinywaji, na Meshack akamwandikisha Cornelia; mimi nilimsindikiza. Mkufunzi, mama mmoja mwenye subira, alieleza kuhusu lebo, usafi, na viwango vya vitu vya kutia utamu katika kila aina ya kinywaji. Ulipofika wakati wa maswali, Cornelia alisimama. Watu tuliokuwa pale tunamjua ni mkimya, tukageuka.

"Mtoto asubuhi amekunywa kwangu," alisema. "Saa nne akanunua barafu ya mfuko. Mchana juisi ya paketi. Tuseme wote watatu tumetia kiasi kinachoruhusiwa, na wote tumeandika. Nani anajumlisha?"

Mkufunzi alisema ni swali zuri. Alieleza kwamba wanaopanga viwango huangalia pia watu hula na kunywa nini kwa siku, ili jumla isivuke mpaka. Cornelia akauliza kama wameangalia watoto wa Sumbawanga. Mkufunzi akasema kwa kweli hana uhakika kama jambo hilo limefanyika huku, akafungua daftari lake na kuandika.

Tulirudi pamoja kwa miguu. Cleophas alikuwa karakana, anapima mlango wa mtu, macho yake sasa yanahitaji miwani.

"Wamesemaje?" aliuliza.

"Wameandika swali langu."

"Na jibu?"

"Wameandika swali," Cornelia alisema. Akaingia ndani kuvua viatu, kisha akatoka na ungo wa ulezi, akaketi, akaanza kuchambua.